Binti Yangu Ameniachia Niamue Kesi ya Baba Yake

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Kwa Shangazi wa ukurasa wa tisa,

Nakuita Shangazi kama wasomaji wengine wanavyokuita, ingawa kwa umri wangu huenda mimi ndiye dada mkubwa, uniwie radhi. Naomba unishike mkono kwa sababu nimeachiwa jambo la kuamua ambalo limenizidi kimo, na mwenye kungoja jibu atakuja kula chakula cha mchana kwangu Jumapili.

Mimi ni mjane tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Mume wangu alikuwa wakili, lakini si wa wale wa kesi za mabenki, alikuwa wakili wa mito na mitaro na moshi, ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu wenzangu dukani wakiniuliza, maana mimi shule yangu iliishia msingi na nimeuza vitambaa mpaka nilipopumzika, mambo ya vifungu vya sheria siyajui. Kesi zake nilizijua kwa nguo nilizofua. Ya kwanza ilikuwa ya machimbo ya kokoto yaliyomwaga vumbi juu ya shule, na wakati wote ule alirudi nyumbani na masikio meupe kama aliyeanguka kwenye unga, na binti yetu alikuwa mdogo, alikuwa akimfuta masikio kwa ncha ya taulo huku akicheka. Kisha ikaja kesi ya jalala lililofuka moshi nyuma ya hospitali, hiyo alishinda, tukafurahi sana, jalala likahamishwa, na baada ya muda watu wa huko lilikohamishiwa wakaja kubisha hodi kwetu, naye akawapokea, akaniambia, "Hawa nimewaletea mimi, nitawafukuzaje?" Akaanza upya. Nyingine alishindwa na hakuficha, alivua viatu akasema, "Leo tumepigwa," akala, akalala.

Alikuwa na desturi yake moja ambayo mawakili wenzake walimcheka nayo. Hakusimama mahakamani kusemea mahali ambapo hajalala. Kabla ya kuandika neno lolote alichukua shuka na mswaki akaenda kulala kwa mteja, akala alichokula mteja, akaoga maji anayooga mteja. Nilimwambia, "Wenzako wanatuma karani, wewe unajituma mwenyewe kama barua." Akasema, "Nikimwambia jaji pananuka ataniuliza pananukaje, na karani atanijibu nini?" Asubuhi akinyoa ndevu alikisomea kioo hoja zake, akikiita Mheshimiwa Jaji, na mezani mimi ndiye nilikuwa Mheshimiwa. "Mheshimiwa, naomba mahakama iniongezee chai." Namjibu, "Ombi limekataliwa, sukari imekwisha." Naye, "Basi naomba tuahirishe mpaka duka lifunguliwe." Tulizeeka na mchezo huo.

Kesi yake ya mwisho ni ya kiwanda cha ngozi kinachomwaga maji yake mtoni, na chini ya kiwanda kuna watu wanaoishi bondeni, wanatumia mto huohuo, watoto wao wana vipele visivyosikia dawa. Mwenyekiti wa kamati yao ni mama mmoja mshonaji, wanamwita Fundi. Mimi huko bondeni sijawahi kufika, aliniambia mara nyingi twende, nami nikasema tutakwenda, lakini Fundi namjua kwa sababu alikuwa akija kwetu, na kila akija anakagua mapazia yangu na kusema pindo halikunyooka.

Sasa nikueleze kilichoharibika, maana ndicho kilichomleta binti yangu kwenye jambo hili. Mume wangu aliiomba mahakama ihamie bondeni kwa siku moja, jaji ajionee na kujinusia mwenyewe, na jaji akakubali, tarehe ikatangazwa. Mume wangu akawaambia watu wa bondeni, "Jaji anakuja kwenu, jiandaeni." Yeye alimaanisha wajiandae na la kusema. Wao walisikia mgeni mkubwa anakuja. Shangazi, wale watu walifagia bonde zima. Walichoma taka, walifunika mtaro kwa mchanga na vumbi la mbao, walimwaga dawa ya choo kila kona, wakaazima makochi na kitambaa cha meza, watoto wenye vipele wakavalishwa soksi ndefu ili wasimtie mgeni kinyaa, na kijana mmoja akapewa kazi ya kupuliza manukato mbele ya jaji anapopita. Kiwanda nacho siku hiyo hakikufungulia maji. Jaji akakaa kwenye kochi, akanywa soda, akasema, "Mbona pazuri hapa." Karani akaandika.

Mume wangu alirudi akanisimulia amesimama mlangoni, hata koti hajavua. Alimwambia Fundi, "Mama, mmenifagilia na kesi yangu!" Fundi naye akamjibu, "Wakili, sasa ulitaka mheshimiwa tumkalishe kwenye uvundo? Mtu ana mke, atatuonaje?" Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, akaenda kusimama uani peke yake. Kesho yake akaandika ombi jaji arudi mara ya pili, bila kutangaza, na ombi likakubaliwa. Kabla siku hiyo haijafika alianguka kwenye korido ya mahakama akingoja kesi iitwe. Daktari alisema ni presha, na kwamba alikuwa akiambiwa apumzike na hapumziki. Mimi namwamini daktari, lakini kuna asubuhi siamini, nawaza ni yale maji aliyooga na ile hewa aliyolala nayo miaka yote hii, na hakuna wa kumuuliza.

Binti yetu ni wakili pia, baba yake alikuwa akimwita Wakili Mdogo. Yuko kwenye ofisi ya mikataba ya nyumba, ofisi yenye zulia, anatoka saa za kueleweka, viatu vyake havijui matope, na mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa viatu hivyo. Siku ya msiba watu wa bondeni walikuja wote, Fundi akamshika mikono mbele ya kila mtu akamwambia, "Mwanangu, jaji ametupa muda tutafute wakili mwingine, na sisi hatujui mwingine. Safari hii hatufagii, naapa, hata kama waziri anakuja." Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Binti akasema, "Nitaangalia, Mama." Tangu hapo anaangalia. Alimuuliza bosi wake kama anaweza kuichukua, bosi akamjibu, "Hapa hatufanyi kesi za harufu," yaani akitaka kesi aache kazi.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunaosha vyombo, akaniambia bila kunitazama, "Mama, ukisema niache, naacha. Ukisema nichukue, nachukua. Sitakulaumu kwa lolote. Nikija Jumapili uniambie." Nikamwambia, "Mimi nitajuaje mambo ya sheria?" Akasema, "Si sheria ninayokuuliza." Akaendelea kufuta sahani.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikisema aache, nawaona wale watoto wenye soksi ndefu, na namwona marehemu akinitazama kwa upole wake ule ambao ni mbaya kuliko hasira. Nikisema achukue, naona nampeleka kwenye korido ileile. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Wakili wa kiwanda alikuja msibani, walikuwa wakipingana mahakamani asubuhi na kula pamoja mchana, alilia kwelikweli, na wakati wa kuondoka alinishika mkono akasema, "Mama, mtoto huyu ana akili, mtunze. Asiingie kwenye yaliyomchosha baba yake." Sijui alinipa pole au alinipa onyo. Nimeyageuza maneno hayo kila upande na bado sijui, na binti sijamwambia, nikimwambia ataogopa, au atakasirika aichukue kesi kwa hasira, alivyo mkaidi kama baba yake.

Shangazi, wewe umesoma barua za watu wengi. Niambie nimjibu nini mtoto wangu. Gazeti lenu hutoka Ijumaa, likichelewa si kosa lako, basi hapo itatosha unikumbuke tu siku ya Jumapili, mimi na binti yangu.

Mama Wakili

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Wakili, pole. Pole ya kweli, siyo ile ya kupitia mlangoni. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zilizotangulia, waliopitwa watanisamehe, kwa sababu Jumapili haitungoji.

Nianze na kukugombeza, tumalize hilo mapema. Umeniandikia habari za marehemu mpaka nimejua anavyonyoa ndevu. Umeniandikia Fundi anataka nini, jaji anataka nini, bosi hataki nini. Nimesoma barua yako, nikarudia, nikitafuta mstari mmoja tu unaosema binti yako mwenyewe anataka nini. Haupo. Hujui, dada yangu, na hujui kwa sababu hukumuuliza. Umesikia "nitaangalia" ukaweka "ndiyo" mahali pake. Neno la binti kwa Fundi mbele ya jeneza la baba yake si mkataba, na huyo anayeandika mikataba kila siku analijua hilo kuliko wewe na mimi.

Inawezekana anaitamani kesi hiyo mpaka inamnyima usingizi, na anataka baraka yako. Inawezekana pia hana hamu nayo hata chembe, anapenda zulia lake na saa zake za kueleweka, ana aibu ya kulisema, na anakuomba umfungulie mlango wa nyuma apite. Ukisema "chukua" kwa wa pili umemfunga. Ukisema "acha" kwa wa kwanza umemfunga vilevile. Kwa hiyo kila jibu unalohangaika nalo ni la kubahatisha, ndiyo maana halikai.

Nawe binti, kama gazeti hili limefika kwenye ofisi yenye zulia, sikiliza. Ulikosea. Mtu mzima, msomi wa sheria, hampi mjane wa juzi hukumu ya maisha yake katikati ya vyombo vichafu, halafu akaendelea kufuta sahani. "Sitakulaumu" ni neno la upole lakini ni mzigo. Ukichukua kesi ukaumia, mama atajilaumu bila msaada wako. Ukiiacha kisha watoto wa bondeni wakaendelea kujikuna, atajilaumu pia. Ulitaka kumheshimu, nimeelewa. Mheshimu kwa kubeba la kwako.

Turudi kwako, mama. Maneno ya wakili wa kiwanda mpe binti, yote, kama yalivyotamkwa, pamoja na machozi, bila kuongeza tafsiri yako. Mimi pia sijui kama ni pole au onyo. Mtu anaweza kumlilia rafiki yake kwa dhati na jioni akakumbuka anayemlipa. Lakini anayeingia kwenye kesi, au anayeikataa, ana haki ya kujua kila kilichosemwa juu yake. Ukimficha ili asiogope, unakuwa umeshaamua kwa niaba yake huku ukiniandikia mimi kwamba umeshindwa kuamua. Kama ataogopa, aogope akiwa anajua anachokiogopa. Kama atakasirika, ni mwanasheria, hasira yake ina mahali pa kuandikiwa.

Kuhusu korido. Daktari alikwambia presha, na alikwambia marehemu alikataa kupumzika. Hizo asubuhi usizoamini nazielewa, huzuni hutafuta wa kushika shati. Ila usimvalishe binti presha ya baba yake. Nenda hospitali ukaombe daktari akueleze tena, safari hii ukiwa na binti, na maswali yenu mkiwa mmeyaandika, hata la maji, hata la hewa. Akisema anajua, mtasikia. Akisema hajui, basi mtakuwa wawili wa kutojua, na hilo ni nafuu kuliko peke yako.

Akiamua kuichukua, asiichukue kama baba yake alivyoichukua. Mume wako namheshimu, lakini mtu anayejituma mwenyewe kama barua hufika amechakaa. Kesi ya kiwanda si ya wakili mmoja. Aandikie chama cha mawakili aombe mwenzake wa kushirikiana naye, atafute mashirika yanayosaidia kesi za mazingira, amtafute mkemia wa kupima maji na kuapa juu ya alichokikuta, maana pua ya jaji hudanganywa kwa chupa moja ya manukato na vipimo havidanganyiki kwa soda. Asiache kazi kabla hajapata wa kushirikiana naye. Na kulala kwa wateja alale akitaka, lakini mara moja inatosha.

Akiamua kuiacha, asiwaache watu wa bondeni wakimngoja kwenye ile "nitaangalia". Aende mwenyewe kwa Fundi, amwambie ana kwa ana, na aende na jina la wakili mwingine aliyekwisha kukubali, wakati jaji bado anawangoja. Atatazamwa vibaya kwa siku kadhaa, haitamuua. Kuna mawakili wengi hawajawahi kuchukua kesi hata moja ya mto na ni watu wema. Marehemu ameacha kazi nzuri, hakuacha deni kwa mtoto.

Fundi, nawe nina neno lako. Usimrudie binti wa watu kabla hajawajia. Mmeshasema, imesikika. Na fagio zifungieni ndani kama ulivyoapa. Nimecheka na barua hii mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, lakini soksi za wale watoto zilinikata kicheko. Mavazi ya watoto wagonjwa siku ya jaji ni miguu mitupu. Si utovu wa adabu.

Umesema hujawahi kufika bondeni, Mama Wakili. Najua utaweka gazeti chini na kutaka kwenda kesho. Usiende. Ukienda kabla ya Jumapili utawaona wale watoto, utarudi umeshaamua, na hata usiposema neno binti atalisoma usoni pako. Nenda wiki ijayo, kwa ajili yako na marehemu, vyovyote atakavyochagua. Wasalimie. Wakikuwekea kochi, kaa.

Sasa Jumapili. Mkimaliza kula, vyombo viache, mkae mezani mkitazamana. Mwambie hivi kwa mdomo wako, usimsomee gazeti: "Mwanangu, mimi naogopa. Nilimzika baba yako juzi na naogopa kukuzika wewe. Hiyo ni hofu yangu, siyo jibu lako. Wewe unataka nini?" Kisha unyamaze. Hapo ndipo patakuwa pagumu, kwa sababu wewe ni mama na mdomo utataka kumsaidia. Usimsaidie. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akilia, mpe kitambaa, usimpe jibu. Atakapolisema, liwe lipi, usimuulize kama ana hakika, na usitaje jina la baba yake. Mwambie, "Nimesikia." Halafu inuka ukaweke maji ya chai.

Hilo ndilo lililo lako. Mengine ni yake, na amesomea.

Nami ukipita karibu na mto huo, unikumbuke.

Shangazi